Mfupa wa Akika

Mzee Sulemani alistaafu kwa kutishia. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amechinja na kuuza nyama katika mtaa wa Waislamu pale mjini Meru, na kila mara mwanawe Kasim alipomjibu kwa sauti isiyompendeza, Mzee alikuwa na silaha moja tu. "Basi, mimi napumzika. Chukua duka, chukua na shoka, chukua na nzi wake." Kasim alikuwa akinyamaza, Mzee akirudi kwenye gogo lake la kukatia nyama, na mambo yakiendelea kama kawaida. Lakini mwaka ule wa hamsini na nne, hali ya hatari ikiwa imeingia hadi jikoni mwa watu, ofisi ya serikali ilitaka kila bucha iandikishe mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuonekana barabarani na kisu. Karani alishika kalamu, akauliza jina la mwenye visu. Mzee Sulemani, ambaye alikuwa amenuna tangu asubuhi kwa jambo dogo la mizani, akamwonyesha Kasim kwa kidevu. "Andika huyo. Mimi napumzika."

Karani akaandika.

Mzee alisubiri Kasim aseme hapana, Baba, duka ni lako. Alikuwa hata ameshaandaa sura ya kukataa kwanza na kukubali baadaye. Kasim akainama, akambusu mkono, akasema, "Ahsante, Baba. Mungu akupe umri mrefu." Muhuri ukagongwa. Kuchinja mbuzi mmoja huchukua muda mrefu kuliko kustaafu kule, na mbuzi angalau hupewa maji kwanza. Wakati wa kurudi, Kasim alibeba visu vikiwa vimefungwa ndani ya gunia, karatasi ya ruhusa mfukoni, na baba yake akafuata nyuma mikono mitupu, akijiuliza ni mpumbavu gani amewahi kujifukuza kazi mwenyewe mbele ya shahidi wa serikali.

Lakini tuseme ukweli, maana yeye hakuusema kwa mtu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulianzia kwenye kidole gumba, kama mchezo, ukapanda hadi kwenye kifundo. Miezi mitatu kabla ya ile siku ya karani alikuwa amemlaza fahali aliyeletwa kutoka Timau, mnyama mkubwa aliyeshiba majani ya baridi. Akataja jina la Mungu, akaweka kisu shingoni, na mkono ukacheza. Kisu kikatoka kabla ya kazi kuisha. Fahali akarusha mateke, watu wakaruka, na kisu kiliporudi mnyama alikuwa amekwisha kufa. Mzee akatamka palepale, mbele ya wote, kwamba nyama ile ni nyamafu na hailiwi na Mwislamu. Wakapelekewa mbwa wa polisi. Watu walimsifu sana kwa uaminifu wake. Yeye akaulaumu ubovu wa kamba, ingawa kamba haikuwa na kosa lolote, na maneno yale ya sifa yalimkaa kooni wiki nzima.

Tangu hapo aliuficha mkono. Aliuweka kwapani, aliutia mfukoni mwa kanzu, aliukalia. Mwishowe akagundua kwamba akishika tasbihi mtetemo unaonekana kama mtu anayehesabu dhikri. Mtaa mzima ukaanza kusema Mzee Sulemani amekuwa mcha Mungu kupita kiasi uzeeni. Yeye alipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu, akitikisa shanga zake mchana kutwa bila kutaja jina hata moja la Mola, na kila akilala alimwomba Mola huyohuyo msamaha kwa udanganyifu wa tasbihi.

Maisha ya kupumzika yalimchosha mapema. Asubuhi ya kwanza alikwenda bucha kama kawaida, akageuza debe, akakalia. Kasim akanoa kisu, Mzee akasema kinanolewa upande wa pili. Kasim akakata ubavu, Mzee akasema huyo ni mteja wa maini tangu vita vya Wataliano, ubavu wa nini. Kasim hakujibu. Mzee alimlea vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera, kwa kuwa mtu asiyejibu huwezi kugombana naye. Ikaenda hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili debe halikuwepo. Lilikuwa limejazwa mafuta ya kondoo na kuwekwa juu ya rafu, mahali ambapo hata kijana angehitaji ngazi. Mzee alilitazama debe, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshughulika sana na figo moja. Akaelewa. Akaaga kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Nyumbani mkewe Mwanamisi hakuwa amejiandaa kwa msiba huo. Kwa miaka yote ile asubuhi zilikuwa zake. Ndani ya wiki moja Mzee alikuwa amepanga makaa kwa ukubwa, amehamisha chumvi, na amemwonyesha mwanamke aliyempikia tangu ujana namna ya kukata kitunguu. Mwanamisi alivumilia hadi alipomkuta ameketi mbele ya sufuria akiuhesabia wali.

"Baba Kasim," alimwambia, "miaka thelathini na minane nimekuombea urudi nyumbani salama. Sikuomba urudi saa tatu asubuhi."

Mzee alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akatoka, akasimama uani, na hakuwa na mahali pa kwenda. Hapo ndipo alipohisi uchungu wa kweli, uchungu wa mtu ambaye kila mlango anaoujua una mtu mwingine ndani anayefanya kazi.

Katika hali hiyo ndipo mjukuu alipozaliwa. Kasim na mkewe Rahema walikuwa wamekaa miaka sita bila mtoto, na Mzee alikuwa ameomba dua hadi ameacha kuhesabu. Alizaliwa msichana, Jumamosi, asubuhi ya mvua nyepesi. Mwanamisi akamleta sebuleni amefungwa kanga, akamsogeza kwa babu yake. "Shika damu yako," alisema.

Mzee Sulemani alirudi nyuma hatua mbili. Alimtaka mtoto yule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mkono uliokuwa mfukoni ukaanza kugonga paja, na mbele ya macho yake akamwona fahali wa Timau, kisu kikitoka. Akasema hana udhu. Wakamwambia basi amwadhinie tu, na kwa hilo akakubali. Mtoto akalazwa kitandani, babu akainama juu yake, mikono yote miwili nyuma, kama mnunuzi anayemkagua mbuzi asiyemwamini muuzaji wake. Akaadhini vizuri, kwa sauti ndogo, machozi yakimdondoka juu ya shuka. Alipomaliza akakimbia.

Siku ya pili alisema ana mafua. Ya tatu alisema ametoka kushika tumbaku. Ya nne mgongo. Siku ya tano aliona Rahema anakuja na mtoto, akaingia chooni, akakaa humo hadi miguu ikafa ganzi. Mtu aliyewahi kulaza mafahali alikuwa amejificha chooni akimkimbia kiumbe asiyezidi uzito wa nyama ya karamu ndogo. Aliliona hilo wazi kabisa, na akabaki humohumo.

Jioni ile Mwanamisi alimfuata. "Mkwe wako ameniuliza kama ulitaka mvulana."

"Nani kasema?"

"Wewe umesema. Siku tano hujamgusa mtoto wake. Mwanamke ameomba miaka sita, na babu anampita mtoto kama mtu aliyeona deni."

Lilikuwa ni neno moja tu la kusema. Mkono wangu unatetemeka. Mwanamisi alikaa akisubiri, na sura yake ilikuwa ya mtu anayejua anachokisubiri. Lakini Mzee akaona kama neno lile likitoka, ataingizwa kwenye kundi la wazee wanaolishwa uji na kufutwa kidevu. Akachagua njia ndefu. "Nitamfanyia akika mwenyewe," alisema. "Mtu akiona nilivyomkatia mbuzi wake atajua kama nampenda au simpendi."

Akika ilikuwa siku ya saba, Ijumaa, siku ya kunyolewa mtoto na kupewa jina, na kwa msichana ni mbuzi mmoja. Kasim alisema atachinja yeye. Alilisema akitazama chini, akikuna shingo, na Mzee naye akatazama chini, wakawa wanaume wawili wanaokagua sakafu. Wakakubaliana: Kasim achinje, babu akate nyama. Ndani ya ua wa nyumba kisu hakihitaji karatasi.

Sasa, nyama ya akika haikatwi kama nyama ya bucha. Kuni hukatwa kwa shoka, na ng'ombe wa sokoni hukatwa kwa shoka, lakini mbuzi wa akika hufunguliwa kwa kisu, kiungo kwa kiungo, wala hauvunjwi mfupa wake hata mmoja, kwa kumtakia mtoto viungo vizima. Mzee alilijua hilo tangu zamani. Sasa akawa kama yeye ndiye aliyelileta. Alimweleza Kasim mara nne. Aliwaeleza wapika pilau. Alisimama barabarani akamweleza Mukiri, fundi cherehani wa jirani, ambaye hata si Mwislamu. Akamweleza pia Maalim Saad wa chuo cha Kurani, na Maalim akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Ahsante, Mzee. Hilo mimi ndiye niliyekufundisha."

Mzee hakuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu karani alipoandika, alikuwa mtu mwenye kazi.

Ijumaa ilifika na jua. Ilibidi kila kitu kianze mapema, kwa kuwa saa kumi na mbili hakuna anayetakiwa njiani, na wengine muda wao ulikuwa mfupi zaidi. Ntinyari, mama yake Rahema, alitoka kijiji kipya cha upande wa Kinoru, kile kilichozungushiwa handaki, na pasi yake ilisema saa tisa awe amerudi ndani. Alikuja na kibuyu cha uji na mkungu wa ndizi mgongoni, mwanamke mfupi mwenye miguu ya kutembea. Akamsalimia Mzee kwa mbali, kama inavyopasa mtu na mkwe wake, akaingia kwa binti yake.

Kasim alichinja. Kisu kilipita mara moja, safi, na Mzee akajikuta anafurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Kisha ikawa zamu yake. Alikuwa ameomba gogo lake la bucha lisukumwe hadi uani, kwa sababu alisema hawezi kukata nyama juu ya meza kama mpishi wa Wazungu. Gogo likaja na shoka likiwa limekwama juu yake, kama lilivyokuwa kila siku, na hakuna aliyekumbuka kuling'oa.

Watu walikaa kwenye majamvi kumtazama. Rahema alitoka akasimama mlangoni, mtoto begani, mama yake kando. Mzee akakunja mikono ya kanzu, akaweka tasbihi pembeni, akashika kisu kidogo. Mkono ulicheza mara mbili tatu, halafu ukaikuta kazi, ukatulia. Akaufungua mguu wa mbele bila kugusa mfupa. Akazunguka bega, akaingia kwenye goti, akatenga mbavu moja moja kutoka uti wa mgongo, na kisu hakikulia hata mara moja. Watu wakaanza kunong'ona. Maalim Saad akasema mashaallah kwa sauti. Mzee alisikia, akapunguza kasi makusudi, ili wale wa nyuma nao waone. Alianza kutoa maelezo. "Hapa," alisema, akiinua kisu, "fundi mbaya angevunja." Alimtupia jicho Rahema, akaona anatabasamu. Wiki nzima hakuwa amemwona akitabasamu. Mzee akajihisi kijana wa miaka arobaini.

Kilichobaki kilikuwa mguu mmoja wa nyuma. Aliuweka juu ya gogo ili auanze kwenye kifundo. Wakati huohuo Mukiri akaingia kwenye ua, amechelewa, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Kwa miaka ishirini, kila Ijumaa, Mukiri alikuwa amesimama mbele ya gogo lile na kusema maneno yaleyale. Sasa aliona gogo, aliona Mzee, aliona mguu, na mdomo wake ukajisemea wenyewe.

"Mzee, mimi katia ile ya supu. Vipande tatu."

"Ya mwenye jino au ya bibi?" mdomo wa Mzee ukajibu, kama ulivyojibu kila Ijumaa, na mkono wake ukaacha kisu, ukang'oa shoka, ukashuka mara mbili. Vipande vitatu, sawasawa, bila chembe ya mfupa kuruka. Akavikusanya kwa kiganja. Akageuka kulia kutafuta gazeti la kufungia.

Hapakuwa na gazeti. Palikuwa na ua uliojaa watu waliofunga midomo.

Alivitazama vile vipande. Mkono ulioshika shoka haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa umetulia kama wa mtu wa miaka ishirini na tano, mkono wa kupigiwa mfano, na ulikuwa umemvunja mguu mbuzi wa akika ya mjukuu wake wa pekee.

"Mzee," Mukiri akasema, "mimi nilikuwa nasema tu. Ni mazoea."

"Hata mimi," Mzee akasema.

Mwanamisi alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kasim akaja taratibu, akalichukua shoka mkononi mwa baba yake, akalipeleka nyuma ya nyumba. Maalim Saad akasimama na kuwaambia watu kwamba kutovunja ni sunna tu, akika imesihi, chakula kiendelee. Mzee alisikia yote hayo. Alikuwa anatazama mlangoni. Rahema alikuwa ameingia ndani, na kupitia mlango uliobaki wazi alisikika akilia.

Sherehe iliendelea kama sherehe zinavyoendelea. Mtoto akanyolewa, akaitwa Mwanabibi, pilau likaliwa. Vile vipande vitatu vilipikwa kama vingine. Mukiri ndiye aliyevila, kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka, na kwa haya yake yote alikiri supu ilikuwa nzuri. Mzee hakula. Alikaa nyuma ya ghala, juu ya gunia la makaa yale aliyoyapanga kwa ukubwa, akijifanyia hesabu ya maisha. Alikuwa amevunja mifupa kwa miaka thelathini na minane, kila siku isipokuwa Idi mbili, na hakuna aliyelalamika. Mara moja tu katika umri wake ameombwa asivunje. Na si kuombwa, maana ni yeye ndiye aliyezunguka mtaa mzima akiwahubiria watu.

Kivuli kikamfikia. Alikuwa ni Ntinyari, amejifunga tayari kwa safari, kibuyu kitupu mkononi. Alisimama kando, uso ameugeuzia ukuta, ili wakwe wasitazamane.

"Muthoni," alisema, kwa neno lao la mkwe, "mimi naenda, hiyo saa yao imefika. Nilitaka kuambia wewe kitu moja. Kwetu mbuzi ya mtoto tunavunja mifupa yote, na Rahema anatembea."

"Ahsante, mama," Mzee akasema.

"Lakini yeye halii kwa sababu ya mfupa."

Mzee akainua kichwa.

"Ati alikuwa amefikiri leo ukimaliza kukata, utaosha mikono ushike mtoto. Aliniambia hivyo pale mlangoni. Anasema, mama, leo atamshika. Halafu wewe ukakimbia huku." Akaweka kibuyu sawa. "Hiyo ndiyo analilia. Sasa kaa na amani." Akaondoka kwa hatua za haraka, kwa kuwa homgadi, wale askari wa kijiji wanaolinda lango, hawakuwa watu wa kusikiliza habari za mbuzi.

Baadaye Kasim akapita na kapu la mifupa iliyokusanywa kutoka kwenye sahani, ili izikwe kama desturi. Mzee akanyoosha mkono. "Lete," alisema. "Hii nizike mimi." Kasim alimpa, akampa na jembe, kisha akaenda kurudisha gogo.

Alichimba chini ya migomba, karibu na ua wa nyuma. Akaiweka mifupa mmoja mmoja. Bega zima, goti zima, mbavu zote. Chini kabisa ya kapu akavikuta vile vipande vitatu, vyeupe, vimenyonywa vizuri. Hakuweza kuvitupa shimoni vile vilivyo. Akaviunganisha, kipande kwa kipande, na kwa kuwa alikata vizuri vikakutana bila pengo. Akararua ncha ya kilemba chake cha zamani, akakaa chini kwenye udongo, akaanza kuufunga mguu ule kama wafanyavyo waganga wa mifupa. Lakini sasa hakukuwa na uzito wa kisu wala shoka wa kuutuliza mkono. Ulicheza. Akifunga kipande cha juu, cha chini kinateleza. Akikipata cha chini, kitambaa kinamponyoka. Alijaribu kwa meno. Alijua vizuri sana anavyoonekana, mzee mzima ana kitambaa mdomoni, anamtibu mbuzi aliyekwisha kuliwa. Akaendelea.

"Baba, unafanya nini?"

Rahema alikuwa amesimama nyuma yake, macho bado mekundu, mtoto kifuani.

"Namfunga," alisema Mzee.

"Unamfunga nani?"

"Mguu." Akatoa kitambaa mdomoni. "Nimeuvunja mimi, kwa hiyo naufunga mimi."

Rahema akautazama ule mfupa. Akamtazama baba mkwe wake, na kilemba chake kilichoraruka, na mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, haujafichwa popote, unatetemeka kuanzia kidole gumba hadi kwenye kiwiko. Mzee alimwona anautazama. Akataka kuutia mfukoni, lakini amechoka kuuficha.

"Rahema, mwanangu," alisema, "sikutaka mvulana. Wallahi nilimtaka huyuhuyu. Ni huu mkono. Yule fahali nilimharibu mimi, si kamba. Naogopa kumshika mtoto wako nikamwangusha."

"Kwa hiyo hiyo tasbihi..."

"Danganyo tupu."

"Kasim aliniambia umeshika sana dini."

"Kasim ana adabu nzuri. Anadanganya kwa heshima."

Rahema alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na kicheko kikaja pamoja na machozi yaliyokuwa yamebaki. Mzee naye akacheka, akiwa amekaa katikati ya mifupa, akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha Rahema akaketi chini kwenye udongo mbele yake.

"Kaa vizuri, Baba. Kunja miguu. Umeshakaa chini, sasa ataanguka wapi?"

Kabla hajatafuta mafua wala mgongo, mtoto alikuwa mapajani mwake. Mzee akaiweka mikono yote miwili juu yake, na mkono wa kulia ukaendelea kutetemeka juu ya tumbo dogo lile, kanga ikitikisika. Mwanabibi alifungua jicho moja. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa upya, na paji la uso la ukoo kabisa. Alimtazama babu yake bila kumlaumu kwa lolote, akapiga miayo. Mzee hakuthubutu kupumua. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko Mzee alivyokuwa ameogopa, na wa moto kuliko alivyotarajia, na kwa siku saba yeye, mjinga mkubwa kuliko wote Meru nzima, alikuwa amejinyima hiki.

Rahema alichukua vipande vitatu vya mfupa, akavikutanisha, akavizungushia kitambaa. Alikuwa na vidole vya haraka. Akazungusha mara tatu, akafunga fundo la chini, akafunga la juu, akakata ncha kwa meno. "Tayari, Baba," alisema, akinyoosha mikono. "Nipe mtoto tufukie."

Mzee Sulemani hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Bado," alisema. "Hapo juu fundo limelegea. Fungua uanze upya."

Rahema akaligeuza lile fundo, akalivuta. Lilikuwa limekaza sana. Akalifungua, akaanza upya.